Mwalimu Leonia na Pampu Zisizoamka

Mwalimu Leonia Mihayo alipostaafu, watu wa Ntalikwa walidhani sasa atapumzika. Alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi katika sekondari moja ya wasichana pale Tabora mjini, na kila aliyepita mikononi mwake alikuwa na kisa cha kusimulia kuhusu kalamu yake nyekundu. Alihamia kwenye nyumba waliyoijenga na mumewe pale Ntalikwa, nje kidogo ya mji, yenye shamba la karanga nyuma na mizinga michache ya nyuki pembeni. Akanunua kuku, akanunua jembe jipya, akalima msimu mmoja kwa bidii.

Msimu wa pili mikono ilianza kumwasha. Alisahihisha tangazo la mkutano wa mtaa lililobandikwa ukutani dukani, mwenye duka akimwangalia. Siku nyingine mumewe, Modest, alimkuta amekaa barazani akiweka alama za vyema na kosa kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuku. Modest alikuwa gadi wa treni kabla naye hajastaafu, mtu wa maneno machache na asiyejua kununa.

"Mama Fikiri," akamwambia, "tafuta madaftari ya watoto wa watu, maana zamu inayofuata ni yangu."

Ndipo Leonia alipompigia simu Julieth.

Julieth alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Enzi hizo shule ililetewa kompyuta za msaada, zikashushwa na kufungiwa chumbani kwa sababu hakuna aliyejua kuzitumia. Mkuu wa shule alimkabidhi Leonia ufunguo kwa hoja kwamba fizikia nayo ina umeme ndani yake. Leonia akaanza kujifunza kutoka kitabu kisicho na jalada, akiwatangulia wasichana kwa ukurasa mmoja tu, na wiki nyingine ukurasa huo walikuwa wameshaufikia. Wengi walitosheka na kuandika barua na kuchora picha. Julieth ndiye aliyekuwa akiuliza chini yake kuna nini, na chini ya hapo kuna nini tena, mpaka mwalimu na mwanafunzi wakajikuta wamefika kwenye kiini.

Kiini ndicho moyo wa mfumo endeshi. Kila kompyuta, kila simu, kila kifaa chenye akili kidogo ndani yake kina sehemu hiyo inayogusa chuma chenyewe: inagawa kumbukumbu, inawasha, inazima, inalaza na kuamsha. Programu zote nyingine zimekaa juu yake. Ikijikwaa, hakuna kinachobaki kimesimama, na mara nyingi hufa bila kusema neno.

Julieth alisoma uhandisi, akafungua karakana yake Mwanza. Walikuwa wakitengeneza vidhibiti vya pampu za maji zinazotumia jua, visanduku vya chuma vinavyofungwa kwenye visima virefu vijijini. Ndani ya kila kisanduku kuna bodi ndogo ya kompyuta, na kiini chake ni kile cha bure kilichoandikwa na watu wa dunia nzima, ambacho yeyote anaruhusiwa kukisoma na kukirekebisha.

"Madam, shikamoo," Julieth alisema alipopokea simu.

"Marahaba, Julieth. Sikiliza, nina njaa ya kusahihisha. Huna chochote?"

Julieth alicheka, akidhani ni utani. Kisha akakumbuka anaongea na nani. Wiki hiyohiyo alituma kifurushi kwa basi: bodi moja, nyaya zake, na kijidiski kilichojaa msimbo wa kiini, yaani maandishi ya amri zake.

Basi Leonia akawa msomaji wa karakana ile. Macho yake hayakupenda kioo cha kompyuta, kwa hiyo kurasa ngumu alizipeleka kuchapishwa steshenari mjini, akazisoma barazani kwa kalamu yake. Jirani waliopita walimsalimia kwa huruma, wakidhani bado serikali inamletea mitihani hadi nyumbani. Naye hakuwakatalia, kwa sababu maelezo yangekuwa marefu. Alikamata makosa madogomadogo, Julieth akayarekebisha, na nyumba ikatulia.

Tatizo kubwa lilikuja Julieth alipobadilisha kompaila. Hii ni programu inayochukua amri alizoandika mtu na kuzigeuza kuwa tarakimu ambazo mashine inazielewa. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, hata walioitengeneza walishaacha kuihudumia. Mpya ilikuwa na sifa ya kutoa programu ndogo zinazobana vizuri. Julieth aliijaribu mezani, bodi ikawaka, pampu ya majaribio ikazunguka, kila mtu akaridhika. Vidhibiti vipya vikapakiwa na kusambazwa vijiji vya upande wa Igunga.

Haikupita muda, Masolwa akapiga simu. Masolwa alikuwa msimamizi wa pampu katika kijiji kimoja upande wa Choma, hukohuko Igunga, mfugaji mwenye ng'ombe wake mwenyewe, mpole, mwenye sauti ya kuvuta.

"Dada Julieth, mashine yenu haina shida," alisema. "Inafanya kazi vizuri kabisa. Ila ikishalala, haiamki."

Jua likizama, kidhibiti kilitakiwa kilale ili kisimalize betri, na kukikucha kiamke chenyewe na kuanza kuvuta maji. Hiki kililala kwa utii, na asubuhi kikabaki kimya, kitaa chake kidogo cha kijani kikiwaka bila maana. Masolwa aligundua kwamba akichomoa waya wa umeme na kuurudisha, mashine inaanza upya na siku nzima inapita salama. Tangu hapo akawa anaamka kabla ya ng'ombe kwenda kuchomoa waya. Hakulalamika. Alitaka tu kujua kama ndivyo ilivyokusudiwa.

Muda mfupi baadaye vijiji vingine vikaanza kupiga. Julieth alibadilisha betri, akabadilisha nyaya, akashuku saa ya ndani, mwishowe akampigia mwalimu wake.

"Nataka kuiona kwa macho," Leonia alisema.

Alikwenda Choma na Modest, aliyejiunga na safari kwa madai ya kubeba mkoba. Walifika jioni, wakapokelewa nyumbani kwa Masolwa, na mkewe, Shukrani, akawaletea maziwa ya mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Asubuhi, kabla jua halijapanda, wote walikuwa wamesimama kisimani.

"Mwangaluka," Masolwa aliwasalimia waliokuwa wametangulia na ndoo, nao wakaitika. Ng'ombe walikuwa wameshajipanga kwenye mbauti, lile birika la kunyweshea, wakilamba saruji kavu. Jua likachomoza. Kitaa cha kijani kiliwaka. Pampu haikutikisika.

"Nimeizoea," Masolwa alimwambia Leonia. "Kama mtoto wa shule asiyependa Jumatatu."

Alichomoa waya, akaurudisha, na maji yakaanza kutoka. Leonia hakuyatazama maji. Alikuwa akitazama ng'ambo ya bonde, ambako pampu nyingine ilikuwa imeshaanza kuvuta yenyewe.

"Ile pale ni ya nani?"

"Ni yetu pia. Ya zamani. Ile haijawahi kutusumbua, inaamka kuliko mimi."

Walivuka bonde, Masolwa akafungua kisanduku cha pampu ile. Bodi ilikuwa ileile, namba zilezile zimepigwa chapa juu ya chuma, betri ya aina ileile. Leonia aliinama akaikagua hadi mgongo ukamuuma, kisha akainuka akiwa na uso wa mtu aliyepata swali zuri la mtihani. Kama chuma ni kimoja na msimbo ni mmoja, kilichobaki ni yule aliyeutafsiri msimbo.

Aliporudi Ntalikwa aliutafsiri msimbo uleule mara mbili, kwa kompaila ya zamani na kwa mpya, akachapisha sehemu ya kulala kutoka pande zote mbili. Akazitandika karatasi barazani bega kwa bega, akazikandamiza kwa mawe kwa sababu ya upepo, akaanza kusoma kama anayelinganisha kazi za wanafunzi wawili waliokaa dawati moja. Kuku walifukuzwa. Modest alipewa kazi ya kuwafukuza tena.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mtu anapoandika programu, kazi inayorudiwarudiwa huiandika pembeni mara moja tu, kama kifungu chenye jina lake, na kila anapoihitaji hulitaja jina. Kompaila ikikutana na jina hilo ina njia mbili. Inaweza kukiacha kifungu kilipo na kuweka amri ya kuruka: nenda kule, kitekeleze, urudi. Au inaweza kukinakili kifungu chote na kukipachika palepale jina lilipotajwa, ili mashine isilazimike kwenda popote. Njia ya kwanza hubana nafasi, ya pili huokoa safari. Mara nyingi uamuzi huo haudhuru kitu, kwa kuwa kazi inafanyika kwa njia yoyote.

Wakati wa kulala, ulidhuru. Bodi ile ilikuwa na kumbukumbu mbili: kubwa, inayokaa nje na kula umeme mwingi, na ndogo sana, iliyomo ndani ya chipu, isiyolala kamwe. Kabla ya kulala, kiini kilinakili amri zake za mwisho kwenye ile ndogo, kikahamia humo, na kikiwa humo kikailaza kubwa. Kukikucha, amri hizohizo ndizo zilizotakiwa kuiamsha kubwa na kurudi kazini. Kwa hiyo kila kilichohitajika katikati ya hapo kilipaswa kuwa ndani ya ile ndogo.

Kulikuwa na kifungu kimoja kifupi, cha kuuliza kama kumbukumbu kubwa imetulia. Kompaila ya zamani ilikipachika mahali pake. Mpya ilikiona kinatajwa mara kadhaa, ikaamua kubana nafasi: ikakiacha katika kumbukumbu kubwa na kuweka amri ya kuruka. Mashine iliilaza kumbukumbu kubwa, kisha ikaenda kutafuta amri yake inayofuata humohumo ndani ya iliyolala. Haikuwa imelala usingizi, ilikuwa imepotea.

Leonia aliizungushia amri ile duara jekundu na kuanza kucheka peke yake.

"Umempata?" Modest aliuliza.

Alimweleza taratibu, kwa vidole na mawe mawili ya barazani, moja kubwa na moja dogo. Modest alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani inapanda kitandani, inazima taa, halafu inaenda kutafuta miwani gizani."

"Na miwani iko chumba kingine, na ufunguo wa chumba uko ndani ya chumba."

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi," Modest alisema. "Walipokuwa wanakaribia nyika kavu ya Mgunda Mkali walibeba maji yote ya kuwatosha, kwa sababu katikati hapakuwa na pa kuchota. Huyu kompaila angewafaa nini? Angeacha vibuyu Tabora ili mzigo uwe mwepesi."

"Tena angewaambia amewaonea huruma," Leonia alijibu.

Aliyeandika kifungu kile zamani alikuwa ameweka mbele yake neno inline, akiamini ameamuru kipachikwe. Lakini kwa kompaila neno hilo ni ushauri tu, inaweza kuupokea au kuupuuza. Lipo neno jingine zito, lisiloacha nafasi ya kujadiliana. Leonia, kwa furaha ya kugundua, aliliweka neno hilo zito mbele ya vifungu vyote vya faili lile, kimoja baada ya kingine, asisaze hata kimoja. Akautafsiri msimbo upya, akailaza bodi mezani, ikalala na kuamka. Akairudia asubuhi nzima. Kila ilipoamka Modest aliiambia, "Habari ya asubuhi," mpaka Leonia akamwomba aende shambani.

Julieth alipopigiwa simu alipiga vigelegele. Kisha akasema, "Madam, hii tusiifiche. Kiini ni cha watu wote, na bodi hizi zinatumika hata huko mbali. Tuma marekebisho kwenye orodha yao ya barua pepe."

Leonia alisita. Kila kona ya kiini kile ina mtunzaji wake, mtu anayesoma yanayoletwa na kuamua yaingie au yasiingie. Mtunzaji wa chipu ile aliishi katika nchi ya baridi ambayo Leonia aliifahamu kwa ramani tu. Aliandika barua pepe yake kwa Kiingereza safi cha mwalimu, akaisoma mara kadhaa, akaituma kwenye orodha ya wazi ambako kila mtu anaweza kuona, akaenda kuokota mayai.

Jibu lilikuja kesho yake, fupi. Tatizo ni la kweli, asante kwa kulifuatilia, lakini suluhisho halikubaliki. Kwa nini vifungu vyote vimelazimishwa? Ni vifungu vipi vya lazima, na sababu ni nini? Je, umepima kama bado vinaenea kwenye bodi ndogo ya ukoo huu? Tafadhali fanya upya.

Leonia alifunga kompyuta, akachukua ungo, akaanza kumenya karanga. Alizimenya kwa nguvu kiasi kwamba nyingine ziliruka hadi uani. Modest alirudi kutoka shambani, akaona karanga chini, akavuta kigoda.

"Umepata ngapi?"

"Nimerudishiwa."

Modest aliokota karanga mbili tatu, akazirudisha kwenye ungo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Usicheke, Baba Fikiri."

"Sicheki. Je, amekuonea?"

"Sijui. Bado sijapima anachotaka nipime."

"Basi hata kununa kwako hujui kama ni halali."

Leonia aliweka ungo chini, akaingia ndani kupima. Mtunzaji alikuwa na haki. Vifungu vyote vikilazimishwa kupachikwa, zile amri za kulala zilivimba, na kwenye bodi ndogo ya ukoo ule, yenye kumbukumbu ya ndani finyu zaidi, hazikuenea. Zingemwagikia pembeni na kufuta vitu vya programu nyingine. Pampu za Choma zingeamka vizuri, na mashine za watu wengine, mahali asipopajua, zingeanza kufa kwa mkono wake.

Alikaa pale mbele ya kompyuta akisoma tena maswali ya mtunzaji. Katika miaka yote ya kufundisha wakaguzi walikuja, wakaangalia maandalio yake ya masomo, wakasaini kitabu cha wageni, wakaondoka. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kusoma kazi yake mstari kwa mstari na kumwuliza kwa nini. Alichomoa karatasi mpya.

Safari hii alifuata njia ya mashine hatua kwa hatua, akiandika pembeni kila kifungu kinachoguswa tangu kumbukumbu kubwa inapolala hadi inapoamka. Akaviwekea neno zito viwili tu, akaeleza kwa aya nzima kwa nini hivi na si vingine, akaweka na vipimo vya bodi zote mbili. Akatuma. Hakwenda kuokota mayai, alikaa palepale akisubiri kama binti wa kidato cha nne siku ya matokeo.

Jibu la pili lilikuwa na joto kidogo. Sasa ni bora zaidi, mtunzaji aliandika. Lakini tazama kifungu cha kuchelewesha. Kwa kompaila uliyonayo kimepachikwa chenyewe. Ni nani aliyekuahidi kwamba ya kesho nayo itakipachika?

Leonia alicheka hadi kuku wakatawanyika. Huo ndio ugonjwa wenyewe aliokwenda kuutibu, naye aliuacha umelala palepale, kwa sababu leo haukuwa umemuuma. Alimpigia Julieth, na wakabishana simuni muda mrefu.

"Ongeza hicho cha tatu, tumalize," Julieth alisema.

"Na cha nne kitakachoandikwa na mtu mwingine mwakani, nani atakikumbuka? Wewe?"

"Madam, mwakani nitakuwa na shughuli zangu."

"Ndiyo maana nataka mashine ndiyo ikumbuke."

Alichotaka ni ukaguzi mwishoni kabisa mwa kazi ya kompaila: programu ndogo ipitie sehemu ya kulala, na ikikuta amri yoyote inayoruka kwenda nje yake, igome kuendelea na itaje jina la kifungu chenye kosa. Afadhali kazi ikwame mezani kwa mhandisi kuliko kisimani mbele ya ng'ombe. Julieth alisema hilo ni kubwa mno kwa marekebisho ya mistari mitatu. Kisha akasema ana programu ya namna hiyo aliyoianza zamani akaiacha. Waliimalizia pamoja, Julieth akiandika, Leonia akikosoa, na mara mbili Julieth alimkosoa yeye.

Walituma kwa majina yao wote wawili. Zikapita siku za ukimya, Leonia akazitumia kupalilia. Kisha mtunzaji akajibu: yamepokelewa, kazi safi, na ukaguzi ule ataupeleka kwenye bodi nyingine pia, kwa sababu anashuku si hii peke yake inayolala vibaya.

Leonia alisoma ujumbe ule kwa sauti, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi kwa faida ya Modest, ambaye alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza lakini hakutaka kumkatiza. Mchana huo walichinja jogoo, na mlenda ukapikwa na karanga nyingi kuliko kawaida.

Habari hazikukaa. Julieth alizipeleka kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani wa Mwalimu Leonia, wanawake wazima sasa, wakiwa na kazi zao na watoto wao. Wa kwanza kuandika alikuwa Mwanne, muuguzi pale hospitali ya Kitete, ambaye shuleni alirudia zoezi la nguvu na mwendo mpaka akaliota.

"Madam, shikamoo. Ni kweli umerudishiwa kazi mara mbili?"

"Marahaba, Mwanne. Ni kweli."

"Na hukuambiwa uje na mzazi?"

"Ningemleta Modest."

Kundi zima liliangua vicheko vya maandishi vilivyoendelea hadi jioni. Mmoja aliuliza kama mtunzaji anatumia wino mwekundu. Mwingine aliomba anwani ya mtunzaji huyo ampelekee asali ya shukrani kwa niaba ya darasa. Leonia alisoma yote, akiwa amevaa miwani yake, akitabasamu, na aliposahihisha tahajia ya mtu mmoja alifanya hivyo kwa upole.

Julieth mwenyewe alikuja na gari kutoka Mwanza, akiwa na programu mpya kwa vidhibiti vyote vya upande ule. Alimpitia mwalimu wake Ntalikwa, Modest akabeba tena mkoba, wakaelekea Choma. Waliingiza programu mchana, wakailaza mashine jua lilipozama, wakaenda kula kwa Shukrani. Asubuhi yake walisimama kisimani kama ile mara ya kwanza. Ng'ombe walikuwa wamejipanga. Masolwa alisimama karibu na kisanduku, mkono wake umeshaushika waya.

"Uache," Leonia alimwambia.

"Nauachaje? Wamezoea kunywa mapema."

"Uache tu, mwanangu."

Masolwa aliushusha mkono kwa shida. Jua liliinuka juu ya majani makavu. Ndani ya kisanduku kitu kikalia tik, mota ikaguna, bomba likatetemeka, na maji yakaja, kwanza yakitema hewa na kutu, kisha yakishuka mazito na safi kwenye mbauti. Ng'ombe wakasukumana. Kina mama wakasogeza ndoo. Hakuna aliyepiga makofi, kila mmoja alikuwa na chombo mkononi.

Masolwa alikitazama kisanduku kwa muda. "Sasa mimi asubuhi nitafanya nini?" aliuliza.

"Lala," Shukrani alisema kutoka nyuma yake.

Walicheka wote, na Masolwa zaidi, ingawa alikigusa kisanduku mara moja kwa kiganja kabla ya kuondoka. Waliagwa kwa kibuyu cha maziwa na kuku hai aliyefungwa miguu, ambaye Modest alimpakata njia nzima akizungumza naye.

Walipofika Nzega walisimama kula wali na maharage kwa mama lishe pembeni mwa barabara. Leonia alisubiri Julieth anawe mikono, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba.

"Jana nilikuwa nasoma faili la saa ya ndani," alisema. "Kuna mahali wanagawanya kabla ya kuzidisha, mabaki yanapotea. Hebu nieleze, hiyo ni makusudi au ni uvivu?"

"Madam, tule kwanza," Julieth alisema, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshaivuta karatasi.